Jina Ambalo Mama Halitaji

Mama yangu, Tulinagwe, anatangaza kwenye redio ndogo ya hapa Tukuyu. Wengi wanamjua kwa sauti tu, maana miaka tisa amesoma matangazo ya misiba, asubuhi na jioni. Anataja marehemu, watoto, wajukuu, kijiji, siku ya maziko. Watu wanasema ukisomwa na yeye umezikwa vizuri.

Jina moja hajawahi kulitaja. Bibi mzaa baba alipofariki, Mama aliandika tangazo mwenyewe, akalisoma mpaka pale pa kusema msiba uko kwa nani, kisha akamsogezea karatasi Zubery, fundi mitambo. Zubery akausoma mstari ule mmoja kwa sauti yake nene, Mama akaendelea. Wasikilizaji walidhani amezidiwa na kilio. Jina lenyewe ni la babu yangu wa kijijini Lupepo, baba mkwe wake. Kwetu Wanyakyusa mkwe wa kike hamtaji baba wa mume wake, wala hawatazamani. Siku hizi wengi wameacha. Mama hakuacha. Akimwona babu kwa mbali njiani, anaingia migombani mpaka apite.

Sasa mwezi wa tano yakaja mafunzo, siku kumi, kwenye ukumbi mmoja kule Bagamoyo, si ile ya pwani, ni mtaa wa hapa hapa Tukuyu. Waliitwa waandishi na mameneja wa redio za huku kwetu wafundishwe kuandaa habari za kusikilizwa nchi za nje. Kila mmoja alete habari moja, na zitakazochaguliwa zirushwe na idhaa ya Kiswahili inayosikika mbali. Meneja wa Mama, kaka Meshaki, alimwambia, "Dada, hii ikipita, unaachana na vifo." Mama akacheka, lakini chai yake ilipoa hajaigusa.

Baba yuko machimboni Chunya, na Lugano, mdogo wangu, bado ananyonya. Kwa hiyo nilikuwa nashuka na Mama kila siku, nakaa nyuma ukumbini na mtoto mgongoni.

Mkufunzi aliitwa Najat, mwanamke wa pwani, mpole wa sauti, ila macho yake hayapitwi na kitu.

"Msikilizaji wako hajui Tukuyu," alisema siku ya kwanza. "Hajui kwamba hapa mtu anakula ndizi asubuhi, mchana na jioni, na haugui."

"Anaugua akizikosa," akasema meneja mmoja kutoka Mbeya. Watu wakacheka.

"Basi mweleze hilo. Na kila atakayezungumza, mtaje: nani, wa wapi, anahusikaje. Asiye na jina, kwa msikilizaji hayupo. Na kama ni ndugu yako, sema ni ndugu yako."

Nilimtazama Mama. Kalamu yake ilisimama.

Habari yake ilikuwa ya migomba. Ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umeingia Lupepo, na babu, alipoona mashina matatu tu yamenyauka, alikata shamba zima, mgomba hadi mgomba, ili usivuke kwa majirani. Hakungoja kuambiwa. Mama aliniandikia maswali nikayakariri, nikaenda na simu kumrekodi babu. Mama mwenyewe alibaki barabarani.

Siku ya nane habari ikasikilizwa mbele ya wote. Sauti ya Mama ikasema, "Mzee mmoja wa Lupepo anaeleza." Najat akasimamisha.

"Mzee gani?"

"Mzee mmoja," Mama akasema.

"Ana jina?"

"Analo."

"Alikataa litajwe?"

"Hakukataa."

"Sasa?"

Mama akaangalia meza. Kijana mmoja nyuma, karibu na mimi, akanong'ona, "Huyo mzee katungwa huyo." Wenzake wakaguna kwa kicheko. Najat hakucheka. Alisema orodha anaifunga kesho saa sita mchana, na habari yenye mtu asiye na jina haitaingia.

Tulipotoka, kaka Meshaki alitufuata.

"Dada, mtaje tu. Ni sekunde moja, inapita."

"Anasikiliza redio."

"Mzee wa Lupepo asikilize idhaa ya nje?"

"Tangu hujazaliwa."

"Basi mweleze Najat ukweli."

"Nimweleze nini, Meshaki? Kwamba nimekuja kujifunza kusema na dunia, na mimi huyo huyo najificha migombani? Wale vijana watanicheka mpaka Mbeya. Na akijua ni mkwe wangu, atasema nilimficha ndugu."

Asubuhi nilimkuta jikoni anakoleza moto. Alikuwa anajisomea habari yake polepole. Alipofika kwenye "mzee", midomo ikaanza lile jina, ikajifunga. Akajaribu tena. Nilitamani kumwambia aache, lakini kama angeacha ingekuwa mimi ndiye nimemkosesha. Mara ya tatu akaikunja karatasi.

"Mfunge mtoto, twende," akasema.

Tulimkuta Najat peke yake, anapanga viti. Mama akamweleza yote akiwa amesimama.

"Kwa nini hukusema siku ya kwanza?" Najat akauliza.

"Niliona aibu."

"Unaionea aibu mila yenu?"

"Hapana. Niliogopa kuchekwa."

Najat akakaa. "Mama Tusekile, mila yako mimi sina ugomvi nayo. Lakini ulificha kwamba ni mkwe wako. Msikilizaji atajuaje hujaficha na jingine? Migomba alikata yote kweli?"

"Yote."

"Nani anasema? Wewe?"

Najat akatazama saa. Ilikuwa saa mbili na nusu.

"Niletee jirani asiye na sababu ya kumsifu. Uhusiano wenu uutaje mwenyewe. Na jina la huyo mzee nataka nilisikie. Sikusema lazima litoke kinywani mwako."

Tulipanda bodaboda moja, Mama, mimi na mtoto, na mvua ikaanza kabla hatujaimaliza lami. Matope yalitushusha mara mbili. Kila mara Mama aliuliza saa ngapi, na kila mara dereva alisema bado mapema, bila kuangalia.

Mama akaingia kwa Tupokigwe, mama aliyegombana na babu miaka mitatu kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mimi nikaenda kwa babu. Alikuwa barazani, anatazama shamba lake lililobaki visiki.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Na simu tena?"

"Wanataka jina lako. Watu wa redio ya nje."

"Mama yako hajawaambia?"

"Hajawaambia."

"Wamembana?"

"Wamembana, babu. Mbele za watu."

"Na hajawaambia."

Hilo halikuwa swali. Akavua kofia, akaiweka gotini. "Haya, washa."

Akasema yeye ni Anyelwisye Mwalyego, akamtaja baba yake, akamtaja na babu yake, wa Lupepo, "mahali nilipokuwa na migomba." Nilizima haraka. Niliogopa simu itaisha chaji.

Kwa Tupokigwe Mama alikuwa ameshapata yake. "Yule mzee ni mkorofi," mama yule alisikika kwenye simu ya Mama, "na mpaka wangu hajaurudisha mpaka leo. Lakini migomba alikata yote, nilimwona, na yangu imepona. Hilo siwezi kukataa."

Tulifika ukumbini saa sita kasoro dakika nane, tumelowa. Najat akasikiliza kwa hedifoni, hatukujua anasikia nini. Akazivua. "Naituma. Wakubwa huko ndio watakaochagua."

Wiki mbili hatukusikia kitu. Mama, ambaye hakosei, akasoma msiba wa Isongole akaupeleka Lupepo, watu wakapiga simu. Kisha ujumbe ukaja: imechaguliwa, Alhamisi jioni.

Nilidhani sasa atapumua. Wapi.

"Nenda ukakae na babu yako," akaniambia. "Sijui kama kumtaja kwamba ni mkwe wangu, mbele ya watu wote hao, si sawa na kumtaja jina. Akizima redio, usiniambie siku hiyo. Niambie kesho yake."

Babu alikuwa ameshaiweka redio mezani, waya wa antena ameufunga kwenye dirisha. Mtangazaji wa huko akaanza, na mara sauti ya Mama ikaingia chumbani, ile ile ya misiba, ila taratibu zaidi:

"Mtakayemsikia ni baba wa mume wangu. Kwa desturi yetu silitaji jina lake, na hata maswali aliulizwa na binti yangu. Jina atawaambia mwenyewe."

Babu akasimama. Mkono wake ukapita karibu na swichi.

Akachukua kigoda chake, akakigeuza, akakaa ameipa redio mgongo, uso ukutani, kama mtu anayempisha mkwe.

"Tusekile."

"Naam, babu."

"Ongeza sauti."