Mafuta Yanayokunywa Maji

Siku yangu ya kwanza katika duka la baiskeli pale Ogembo, Bosi, Mhindi mpole mwenye duka, alinikabidhi spana na kusema, "Breki ni chuma na mpira. Ukijua hayo, umejua kazi." Nilimwamini miaka mingi. Baiskeli zote zilikuwa zile nyeusi nzito, na breki zake ni fito za chuma zinazovuta vipande vya mpira vikabana rimu. Zikilegea, unakaza nati, basi.

Kisha nikahamishiwa tawi la Nyamira, chini ya Fundi Mkuu, aliyewahi kutengeneza malori. Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, akaingia Sista Kemunto, muuguzi wa zahanati moja kule Manga, akisukuma baiskeli ya mlima aliyoachiwa na mgeni. Nilitafuta fito, sikuona. Nilitafuta waya, sikuona. Palikuwa na paipu nyembamba tu, kutoka mkono wa breki hadi sahani ya chuma katikati ya gurudumu. Fundi Mkuu akanieleza: paipu imejaa mafuta, ukibinya mkono yanasukuma pedi mbili, nazo zinabana sahani. Lakini tone la mafuta hayohayo likigusa sahani, breki inateleza. Breki ya mafuta inayoogopa mafuta. Nilikuna kichwa.

Tulitia mafuta ya breki za gari, yaliyokaa rafuni katika chupa ya soda iliyozibwa kwa karatasi. Tukablidi, yaani tukatoa hewa yote iliyonaswa ndani. Breki ikashika vizuri sana.

Siku chache baadaye Sista akarudi. "Fundi, hii breki inapotea kwa mteremko. Mkono unaenda mpaka mwisho. Nikifika chini nipumzike kidogo, inarudi."

Nikaijaribu mbele ya duka. Ilishika. Fundi Mkuu akaijaribu. Ilishika.

"Breki iko sawa, Sista," akasema. "Pengine ni uoga tu." Nami nikaitikia kwa kichwa.

"Mwenye kuteremka na chanjo ni mimi," alijibu. "Si nyinyi."

Aliporudi tena, goti lake lilikuwa na bendeji. Breki ilikuwa imepotea tena, na uzio wa boma la watu ndio uliomsimamisha. Niliona haya, nikaichukua baiskeli nikaipandisha Manga mwenyewe.

Katikati ya mteremko mkono wa breki ulilegea vidoleni kama kitambaa. Nikaingia migombani, kiwiko kikachanika. Nikakaa hapo nikihema, kisha nikabinya breki tena. Ilishika. Nilidhani nimerukwa na akili.

Fundi Mkuu alinisikiliza, akaitazama ile chupa rafuni. "Mafuta haya hunywa maji kutoka hewani," akasema polepole. "Na hapa kwetu mvua haikatiki. Breki ikipata moto, maji yanageuka mvuke, na mvuke unabinyika bure. Ikipoa, unarudi kuwa maji."

"Lakini mafuta na maji hayachanganyiki."

"Haya yanachanganyika. Usiniulize zaidi."

Tukamwaga mafuta yale, akafungua kopo jipya. Tangu hapo breki ya Sista haikupotea tena, na mimi nikajifunza kwamba mteja akilalamikia mteremko, unamfuata huko huko.

Sasa nimestaafu, na mafuta yanayokunywa maji bado sijayaelewa. Sista Kemunto naye amestaafu. Tukitoka kanisani Sabato, hunishika mkono, akageuza kiwiko changu kutazama kovu, na kuniuliza kwa upole wa kiuguzi, "Fundi, ama ilikuwa ni uoga tu?"