Nimekutwa nalamba mawe Mwandiga

Jamani, leo nimepongezwa kwa mimba nisiyoijua.

Mnajua kazi yangu: natafuta mifupa ya mijusi wakubwa wa kale iliyogeuka mawe. Ukiokota kitu na hujui ni mfupa au jiwe tu, unakilamba. Mfupa unanata ulimini. (Ndiyo, hiki nimekisomea chuo.)

Basi nimechuchumaa kando ya barabara Mwandiga, nalamba moja baada ya jingine.

Mama muuza mawese akanijia mbio.

"Mwanangu, tema hayo machafu! Utamdhuru mtoto."

Mtoto gani?

Akanitilia mkononi mfuko wa pemba, ule udongo wa wajawazito. "Kula huu, msafi. Na hongera."

"Shikamoo mama. Mimi natafuta mijusi wa kale."

Akanishika bega kwa huruma. "Najua, mwanangu. Mimi mimba ya kwanza nilikuwa natafuta mkaa."

Nikacheka mpaka kwenye gari. Nikasema ngoja nionje kidogo tu.

Jamani, ni tamu!

Nimefika Kigoma mjini mfuko mtupu.

Sasa nimekaa na kalenda, nahesabu siku, na hesabu inagoma.

Mliozaa, semeni ukweli: yule mama ameona nini?