Koti Lililopewa Shikamoo

Koti la babu lilinuka ugoro, grisi ya reli na moshi wa kuni, na hata leo harufu hiyo ikinipitia puani, kwa mfano nikipishana na mzee fulani stendi ya Korogwe, vidole vyangu hupoa kabla sijajua ninaogopa nini. Lilikuwa koti zito la buluu iliyokwisha kuwa nyeusi, lenye vifungo vya shaba, alilopewa alipokuwa kibarua wa reli kule Mnyuzi enzi za ujana wake. Kazi ilipokwisha alirudi kwao Misima kulima mahindi, na koti akarudi nalo. Alilivaa jua liwake, mvua inyeshe. Alilivaa msibani, harusini na mnadani. Watu wa Misima walimjua kwa koti kabla ya kumjua kwa sura. Ukimwona kwa mbali anakuja, bega moja juu na jingine chini kwa sababu ya mataruma ya reli aliyoyabeba miaka mingi, ulikuwa na muda wa kutosha wa kuandaa shikamoo yako.

Alifariki nikiwa na miaka kumi na mmoja. Mama, aliyekuwa akipika chakula cha kuuza Korogwe mjini, alinipeleka Misima kwenye arobaini kisha akaniacha huko likizo nzima ya mwezi wa sita, ili Bibi asilale na ukimya. Siku ya arobaini nguo za marehemu ziligawiwa kama ilivyo desturi: kanzu huku, shuka kule, viatu kwa yule ambaye vitamtosha. Mdogo wake babu, Mzee Sefu, ambaye sisi wajukuu tulimwita Babu Mdogo, aliomba kitu kimoja tu, nacho ni koti. Bibi akajibu kwamba panya wamelila. Babu Mdogo akauliza kama wamekula na vifungo. Bibi akasema, “Panya wa mwaka huu, shemeji, acha tu.” Wahenga walisema njia ya mwongo fupi, lakini Bibi alikuwa mtu wa swala tano, na nani angeanza kumhoji mjane mbele ya sinia la pilau? Jambo likaishia hapo, au ndivyo tulivyodhani.

Shamba lilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani, na mahindi yalikuwa yameanza kukomaa. Siku magoti ya Bibi yalipomruhusu tulikwenda pamoja, na siku zote alinitanguliza. “Pita mbele nikuone,” alisema, nami nikatembea nikisikia fimbo yake ikigonga udongo nyuma yangu. Magoti yalipovimba nilikwenda peke yangu, nikapanda kwenye dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia mazao, nikakaa na debe bovu na kipande cha nondo nikiwasubiri nyani. Sitadanganya, niliwaogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mwalimu yeyote. Nyani wa Misima wanamjua mwanamume na wanamjua mwanamke. Babu akikohoa tu, kundi zima lilikuwa limeshavuka korongo. Mimi nilipiga debe mpaka mkono ukafa ganzi, na dume lao kubwa likakaa juu ya kichuguu, likavunja hindi, likalimenya taratibu, likanitazama, kisha likanirushia gunzi. Nililia dunguni huku nikipiga debe, na wao wakala kwa mdundo wa debe langu.

Nilipanda kwenye dari la jikoni kutafuta gunia bovu la kutengenezea sanamu la kuwatishia. Nyuma ya vihenge niliona bunda limefungwa kwa kanga ya Bibi, na kabla sijalifungua pua yangu ilishajua. Koti lilikuwa zima. Hakuna panya aliyeligusa. Nilikaa mle darini na moshi unaniumiza macho, nikaelewa nusu tu: kwamba Bibi alisema uongo. Nusu ya pili, kwa nini, sikuielewa mpaka nilipokua mtu mzima na nikawa na vitu vyangu vya kuficha. Nililitia koti kwenye gunia, nikafunga ile kanga juu ya matambara mengine ili bunda libaki na unene wake, na kesho yake nikaenda nalo shambani.

Nilisimika miti miwili, nikajaza majani makavu, nikaweka kibuyu kuwa kichwa na kukivalisha baraghashia iliyochanika. Kilikuwa kijiti kilichovaa koti, hakuna zaidi. Nyani walikisogelea. Hapo ndipo nilipokumbuka bega. Nilishusha upande mmoja, nikakunja mkono mmoja kiunoni namna babu alivyousimamisha akitafakari mvua, nikainamisha kibuyu kidogo. Nilirudi nyuma hatua kumi nikageuka, na mwili wote ukasisimka, kwa maana babu alikuwa amesimama kwenye mahindi yake. Nyani nao walimwona. Waliondoka bila hata kugombana. Nilicheka peke yangu dunguni, kicheko cha mtu mwenye hofu na fahari kwa pamoja, na tangu siku hiyo sijawahi kuitenganisha hofu na fahari vizuri.

Nyani ni wepisi wa kujifunza, wakiona mtu hasogei siku mbili hurudi. Kwa hiyo kila asubuhi nilimbadilisha, maana siku hizo magoti ya Bibi yalikuwa yamevimba na nilikwenda peke yangu. Jumatatu alishika jembe, Jumanne alikaa juu ya gogo, Jumatano aliinama kana kwamba anang’oa magugu. Nilikuwa nikitafuta kumbukumbu zote nilizokuwa nazo za babu na kuzivalisha koti, moja kwa siku. Sikufikiri kwamba njia ya kwenda bombani inapita pembeni mwa shamba.

Jirani yetu Mama Zaina ndiye wa kwanza kukutana naye. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, ana ndoo kichwani, akaona koti, na mdomo ukafanya kazi yake ya siku zote: “Shikamoo mzee.” Alipiga hatua tatu nne, akashangaa mbona hajaitikiwa marahaba, akaanza hata kukasirika. Kisha akakumbuka kwamba kwenye msiba wa mzee huyo alipika yeye. Ndoo ilikutwa baadaye ikiwa imepasuka, na kiatu kimoja mbali nayo. Kesho yake wakaja wawili kutazama kwa mbali, wakamkuta amekaa. Keshokutwa wakaja watano, wakamkuta analima. Wakati huo wote nilikuwa dunguni nimejilaza ili nyani wasinione, na watu nao hawakuniona.

Neno lililoanza kutembea kijijini lilikuwa msukule. Walisema Bibi hakumzika mumewe. Alizika mgomba, na mzee mwenyewe amefungwa ulimi, anamlimisha. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: kila kitu kilichokuwa cha kawaida kiligeuka ushahidi. Ndiyo maana koti halikugawiwa. Ndiyo maana nyani hawagusi shamba lake. Na ile pumba anayonunua mashineni, anayodai ni ya kuku, si ndicho chakula cha misukule? Bibi alikuwa na kuku saba na kila mtu aliwajua kwa rangi. Hata macho yake yaliyoiva kwa moshi wa jikoni, kama macho ya kila bibi wa Misima, yalianza kusemwa. Bombani wanawake walisogeza ndoo zao nilipofika. Nilipomwambia Bibi, alidhani wana haraka.

Nilizisikia habari hizo kwa watoto wenzangu. Sote tulikuwa tumesikia yanayowapata vikongwe wa mikoa mingine kwa maneno madogo kuliko hayo. Nilijua ukweli wote peke yangu, na sikuweza kuusema bila kumtaja Bibi na panya wake. Basi nikafanya kosa kubwa kuliko la kwanza. Nilikwenda shambani, nikalibomoa sanamu, nikarudisha koti darini. Nilidhani nimelimaliza. Kumbe asubuhi watu walipita, wakakuta shamba tupu, wakasema, “Amemhamishia ndani.”

Walikuja saa nne, jua limeshapanda. Bibi alikuwa barazani anachambua kunde kwenye ungo. Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, paa la nyasi kavu, na nilimwona kijana mmoja ameshika kidumu cha mafuta ya taa kama mtu aliyetumwa dukani. Wengine walikuwa na mapanga, wengine wamekuja kuona tu, nao ndio walionitisha zaidi. Mwenyekiti wa kijiji alikuwapo, akijifuta jasho, akiwataka watulie kwa sauti ambayo hata yeye hakuiamini. Babu Mdogo alijitokeza mbele. Sikuwahi kumwona mtu mzima analia hadharani namna ile.

“Shemeji,” alisema, “mtoe kaka yangu.”

Bibi alimtazama, akatazama kunde, akamtazama tena. “Nimtoe wapi, Sefu? Si ulimshusha mwenyewe kaburini?”

“Watu wamemwona. Mtoe, shemeji. Kama ni shamba, nitakulimia mimi.”

Namkumbuka hivyo hadi leo, na ndiyo sababu sikuwahi kumchukia. Alikuwa amekuja kumkomboa ndugu yake. Ningeweza kunyamaza, na nakiri kwamba nilitaka kunyamaza. Miguu yangu ilikuwa imelowa na sikuwa nimegusa maji. Kilichonisukuma si ushujaa. Niliona kijana wa kidumu anafungua kizibo. Nilipanda darini, nikashuka na koti mikononi, na watu walipoliona walirudi nyuma wakikanyagana, mwenyekiti akiwa wa kwanza. Nikasema, “Ni mimi. Niliwafanyia nyani.”

Hawakuniamini. Mwanamke mmoja alisema mtoto ameshafundishwa. Mama Zaina aliapa kwamba alichokiona kilikuwa mtu, kilikuwa na mwendo wa mtu hata kilipokuwa kimesimama. Hapo mwenyekiti, nadhani kwa kutafuta muda tu, akasema kama ni kazi ya mikono yangu basi niifanye tena hapohapo, waone wote.

Nimeshafanya kazi nyingi mbele ya watu tangu siku hiyo, lakini sijatetemeka tena namna ile. Nilichukua mpini wa jembe, mti wa kuanikia nguo, majani ya zizi la mbuzi na kibuyu cha maji. Walinizunguka. Nilijua kwamba kisipofanana naye watasema nimewadanganya, na kikifanana mno huenda wakatuchoma wote wawili. Nikafunga kamba, nikajaza majani, nikavisha koti, nikakunja mkono kiunoni, nikashusha bega. Kilikuwa kijiti kilichovaa koti. Mtu mmoja nyuma akanong’ona, “Huyo siye.” Kijana wa kidumu akasogea hatua moja. Nilishusha bega zaidi, nikalipandisha, mikono haikunisikia, macho yakajaa machozi nikawa sioni hata ninachoshika. Shambani nilikuwa nimelipata kwa kubahatisha, na bahati ilikuwa imekwisha.

Ndipo nikasikia fimbo ikigonga udongo nyuma yangu. Bibi alikuwa ameinuka. Hakuwatazama watu. Alilishika koti mabegani kwa mikono miwili, namna mtu anavyomsaidia mumewe kulivaa.

“Bega siyo hilo, Mwanaidi,” alisema. “La kushoto. Nimetembea nyuma yake miaka yote, nitakosaje kulijua?”

Alipandisha la kulia, akashusha la kushoto, akavuta kola kidogo, akaondoa mkono. Na babu akasimama uani kwake mbele ya kijiji kizima. Hakuna aliyekimbia. Tuliyaona majani yakitoka mikononi mwake, tuliona mpini wa jembe, na bado alikuwa yeye. Babu Mdogo alivua kofia yake. Bibi akamgeukia, akasema kwa sauti ambayo ilibidi watu wasogee ili waisikie, “Panya ni mimi, Sefu. Lilikuwa na harufu yake.” Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye aliumbuka akiwa hai, mbele ya watu wote aliowahi kuwakopesha chumvi.

Kisha Mama Zaina akasema polepole, kama anayepiga hesabu, “Kwa hiyo mimi nimeliamkia koti,” na mtu mmoja akaguna, na mwingine, na kicheko kikalipuka uani mpaka kuku saba wakakimbilia jikoni. Babu Mdogo alicheka huku akilia. Yule kijana alifunga kidumu, akamuuliza Bibi kama ana taa inayohitaji mafuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa chini nikitapika. Koti lilirudi shambani mpaka mavuno, kisha Babu Mdogo akalichukua, na Bibi akawa anakwenda kwake Ijumaa kwa Ijumaa kumsalimia, ingawa sote tulijua anakwenda kusalimia nini.

Leo nina kibanda changu Korogwe, kando ya barabara kuu, natengeneza masanamu. Simba wa saruji wa kuweka getini ndio wanaolipia karo za watoto. Lakini kazi ninazozipenda hutoka kwenye mambo ya ajabu ninayoyaona nikiwa nimekaa hapo nje: mbuzi aliyepakiwa kwenye bodaboda amevalishwa kofia ngumu, au bwana harusi anayesukuma gari lililokwama huku bibi harusi akiliendesha. Wateja husimama, hucheka, hupiga picha kwa simu, husema “nzuri sana dada,” na kwenda zao. Sijawahi kuona tena mtu akiiamkia kazi yangu na kungoja marahaba. Misima nako siku hizi nyani hutishwa kwa chupa za plastiki na mikanda ya kaseti inayovuma upepo ukipita, na watoto wanaolinda hawahitaji kumkumbuka mtu yeyote.

Bibi naye alituacha mwaka jana. Tangu hapo nimekuwa nikijaribu kumtengeneza, kwa udongo, kwa mbao, hata kwa miti na kanga zake mwenyewe. Uso ninaupata, na fimbo ninayo, imesimama pale kwenye kona. Mwili ndio unaonishinda. Kila nikirudi nyuma hatua kumi na kugeuka, naona kijiti kilichovaa kanga, na ile baridi ya vidole inarudi. Njia yote ya shambani alinitanguliza ili anione, na mimi sikugeuka. Nasogeza bega, nalirudisha, kisha nasimama pale kibandani nikisikiliza nyuma yangu kama kuna fimbo inayogonga udongo.