Kivuli cha Chefu

Jumapili, ufukweni Kalemie, mchanga ulichoma hata kupitia kandambili. Kivuli kilikuwa kimoja: kibanda cha nyasi chenye kiti kitupu, kinacholindwa na ajenti wa serikali mwenye rejista kwapani. Akafika mama na mutoto wa miaka miwili, amelegea kwa joto.

“Mama, hapa njo pa Chefu, mukubwa wetu wa kazi.”

“Chefu iko wapi, Papa?”

“Iko mbali, Kongolo, kwa misheni ya serikali.”

“Basi jua la hapa halimuchomi yeye!”

Wakiwa wanabishana, mutoto akapanda kitini, akalala. Ajenti alinyoosha mkono amwamshe, akagusa ile shingo ya moto, akasita. Akafungua rejista, akaanza kumpepea.

Miaka yote ninayopanga mstari kwenye biro zetu za serikali, sijawahi kuona rejista ikimhudumia mwananchi hivyo. Kumbe ilitakiwa tu mwananchi awe amelala.