Majina ya Shambani

Jiwe la kumbukumbu lililosimama mbele ya ofisi ya wilaya lilikuwa na jina la karani aliyegawa majembe wakati wa vita, lakini halikuwa na jina la mwanamke hata mmoja kati ya walioyashika. Kwa miaka minne wanawake thelathini na mmoja walilima, wakapalilia na kuvuna mahindi yaliyolisha jeshi. Vita vilipokwisha wakaambiwa: asanteni, rudisheni majembe. Shukrani ya punda ni mateke. Hawa hata teke hawakupewa.

Wa mwisho wao aliyebaki hai aliishi peke yake katika chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani. Shambani walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Sasa Chiriku huyo aliisalimu redio kila asubuhi, akanyamaza kidogo kana kwamba itaitikia, kisha akaosha kikombe chake kimoja. Redio hiyohiyo ndiyo iliyomwambia kwamba ofisi itaweka ubao wa wanawake wa shamba la vita, na kwamba mwisho wa kupokea majina ni Ijumaa.

Alhamisi alikuwa mbele ya meza ya msajili, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimewaleta wenzangu."

Msajili akachungulia mlangoni. "Wako wapi?"

"Mchangani. Shika kalamu. Kobe. Jembe Butu. Mama Kimya. Twiga."

Msajili akaiweka kalamu chini. "Bibi, haya ni majina ya utani. Ubao wa serikali hauandikwi Kobe."

"Kobe alimaliza tuta lake wewe hujafikiriwa kuzaliwa."

"Sibishi, bibi yangu. Lakini miaka minne bega kwa bega, hamkujuana majina?"

Chiriku aliitazama kalamu iliyolala mezani. Angemwelezaje mtu aliyezoea kusikia jina lake likiitwa kwa chakula tu?

Miaka ile, barua za vifo vya waume waliokuwa vitani zililetwa na tarishi wa baiskeli. Alisimama pembeni mwa shamba, akaita jina kamili, na aliyeitwa alijua kuwa ni mjane kabla hajaifikia bahasha. Siku moja mwanzoni mwa msimu wa kwanza, kabla hawajajuana vizuri, mmoja wao alijisahau, akamwita jirani yake kwa jina ili ampe maji. Yule jirani akaanguka katikati ya mahindi, akamlilia mume aliyekuwa hai. Tangu siku hiyo wakapatana kwamba jina la mtu halitamkwi kwenye matuta. Kila mmoja akapewa la shambani.

"Ninayajua tisa tu," alisema hatimaye. "Tisa yaliyoitwa na tarishi."

"Basi tuandike hayo tisa. Angalau—"

"Angalau nini? Mke aonekane kwa sababu mumewe amekufa, na yule mwingine afutwe kwa sababu wake alirudi? Mlimsahau kwa miaka hamsini, sasa mnamdai cheti?"

Msajili aliifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"La tisa ni langu," Chiriku aliendelea, sauti imeshuka. "Liliitwa msimu wa tatu, wakati wa palizi. Niliporudi na bahasha sikuweza kuinama. Kobe hakuniambia pole, hakuniambia neno. Alipalilia tuta lake, akavuka, akapalilia langu, mpaka jua likazama. Yeye hakuitwa kamwe. Kwa hiyo jina lake silijui, mwanangu. Silijui mpaka leo."

Msajili akaishika tena kalamu. Kisha kalamu ikakwaruza karatasi.

"Kobe," msajili alisoma alichoandika. "Endelea, bibi."

Akaendelea, akiwahesabu kwa vidole kama walivyojipanga asubuhi, tuta baada ya tuta: wanane walioitwa na tarishi kwa majina yao ya vyeti, wengine kwa ya shambani. Alipofika mwisho msajili akauliza, "Na wewe? Lako la cheti ninalo hapa."

"Andika Chiriku. Hilo lingine nililisikia likiitwa shambani mara moja. Lilinitosha."

Alirudi chumbani kwa miguu, akafungua redio. Ilikuwa ikieleza habari za mvua. "Nimewapeleka wote," aliiambia, na redio ikaendelea na mvua yake.

Tarehe 3 Septemba 1994 ubao ulipigiliwa kwenye ukuta wa ghala la zamani la mahindi. Una majina manane ya vyeti na ishirini na matatu ya shambani.