Programu ya Kuinua Sauti

Naungama mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Ndabibi. Marehemu mke wangu alijirekodi kwa simu akiimba wodini, kwa sauti hafifu. Nikajifanya fundi: kwenye kompyuta, nikakiongezea kicheza muziki programu ya kuinua sauti za chini. Sikuisikiliza rekodi hadi mwisho, machozi yalinishinda.

Mazishini huko Ndabibi nikaicheza rekodi hiyo kwenye spika. Mama mkwe akasema, "Baba Ciku, ongeza, hatumsikii mtoto wangu."

Nikaongeza. Wimbo ukasikika vizuri. Kisha ikapanda sauti yangu, nikimnong'onezea kaka yangu pale mlangoni mwa wodi: "Weka oda ya hema mapema. Huyu hafiki Jumapili."

Waombolezaji wakanigeukia. Kwenye rekodi, mke wangu alinyamaza kidogo, akavuta pumzi, akaendelea kuimba.