Kupe wa Mama Vishindo

Mama Vishindo hakupewa jina hilo kwa sababu ya ugomvi, ingawa wapo waliodhani hivyo mpaka siku walipomwona kazini. Ni mwanamke mpole, mfupi, mwenye mikono minene, na jina alilipata kwa kupiga ngoma katika bendi, zile ngoma za kukalia kiti: kubwa ya kupigwa kwa mguu, ndogo ya mbele yenye nyaya chini, nyingine nene imesimama pembeni, na juu matoazi ambayo mumewe huyaita masufuria. Mchana hushinda na huyo mumewe kwenye karakana ya makochi, ambayo ndiyo chumba cha mbele cha nyumba yao. Mume hukata vitambaa, mke hupigilia misumari. Hata misumari hajui kuipigilia kama watu wengine. Tatu za haraka, moja ya kusubiri, tatu za haraka. Wateja wanaokuja kuulizia makochi yao huondoka wakitikisa kichwa wasijue kwa nini.

Ngoma alianzia shuleni, kwenye ile ya kuning'iniza shingoni, baada ya mvulana aliyekuwa akiipiga kuugua matumbwitumbwi. Mvulana alipopona alikuta hana ngoma. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumtoa kwenye ngoma. Bendi hii aliipigia mpaka akiwa na mimba ya mapacha, tumbo likigusana na ngoma ya mbele, na inasemekana watoto walizaliwa wakirusha miguu kwa mpangilio.

Sasa mpiga kinanda wa bendi, anayeitwa Vidole, akanunua kinanda kipya chenye ngoma ndani yake. Unabonyeza kitufe, ngoma zinalia. Haziombi maji, hazihitaji nafasi kwenye gari. Kepteni, kiongozi wa bendi na mwimbaji wake, akakipenda papo hapo.

"Mama, usichukie," akamwambia Mama Vishindo baada ya mazoezi. "Watu siku hizi wanataka muziki kama wanaousikia kwenye simu. Makofi, miungurumo, mwangwi. Ngoma zako tamu, lakini ni ngoma tu."

"Ulitaka ziwe nini, masufuria?"

"Nataka nisikie tofauti. Kwenye ile sherehe ya kiwandani nitasikiliza. Nikisikia, unabaki. Nisiposikia, basi, kinanda kitatutosha."

Vidole aliangalia dari. Hakuwa mtu mbaya, Vidole. Alikuwa mtu wa kupenda vitu vipya, na ugonjwa huo hauna dawa.

Mama Vishindo alirudi nyumbani akalia, kilio cha haki kabisa, cha kufuta kamasi kwa kitambaa cha kochi la mtu. Alipomaliza kulia akaenda kwa mpiga ngoma mmoja ambaye bendi yake ilikuwa imevunjika, akarudi na kisanduku kama redio ndogo na vidude kadhaa vya kubana. Kidude unakibana kwenye ukingo wa ngoma hadi kiguse ngozi. Ukipiga, kinahisi mtikisiko, kinapeleka habari kwa waya mpaka kwenye kisanduku, nacho kisanduku kinatoa kwenye spika sauti yoyote uliyokiwekea. Ngoma inalia kwa sauti yake ya kuzaliwa, na juu yake inalia ya pili.

Mama mkwe, aliyekuwa amejinyoosha kwenye kochi la mteja, akachungulia. "Mkwe wangu, vitu vilivyong'ang'ania ngozi namna hii si kupe hivi?"

Jina likabaki hilo.

Kisanduku kilikubali pia kurekodi, na Mama Vishindo hakutaka makofi ya watu asiowajua. Akawasimamisha wote karakanani, mume, mapacha na mama mkwe, akawaambia wapige makofi kwa pamoja. Walirudia na kurudia mpaka yakatoka makofi mazuri yaliyoshiba. Ila mara tu baada ya makofi, mama mkwe alikuwa amechoka, na kisanduku kikanasa na maneno yake: "Basi, inatosha, mikono yangu si chuma!" Mama Vishindo alibonyeza huku na kule kuukata mkia ule, haukukatika. Akaona si neno. Kwenye wimbo, pigo jipya linakatisha sauti ya pigo lililopita, kwa hiyo mkia hauwahi kusikika. Hesabu ilikuwa sahihi, maadamu anapiga.

Shida ya pili ilikuwa jirani, muuguzi wa zamu za alfajiri, anayelala tangu jioni. Kwa ajili yake mume alizijaza ngoma mabaki ya sponji ya makochi, na juu ya ngozi akalaza vipande vingine. Ngoma zikawa zinanong'ona. Lakini ngoma ikinong'ona kupe naye hasikii kitu, ikabidi Mama Vishindo apandishe usikivu kwenye kisanduku mpaka mwisho, kiasi kwamba hata ukipapasa ngoma kwa kidole, makofi yanalia. Akajifunza hivyo, jioni kwa jioni, vipokea sauti vimembana masikio, uso umekunjamana kama anayetunga uzi kwenye sindano. Alijifunza kuuweka mwangwi uvutike, kuipa ngoma ya mguu mngurumo, kuyatia makofi mahali pake. Mumewe alikuja akasimama mlangoni, akasikia tap tap tap ya sponji peke yake.

"Ndiyo hiyo tofauti?" akauliza.

"Baba Pacha, subiri uisikie ukumbini."

Siku ya sherehe ilifika. Wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni walikuwa wakimuaga dereva wa lori, mzee wa watu aliyekuwa anastaafu, na bendi iliwekwa kwenye kona ya bwalo la chakula. Gari la vyombo lilichelewa. Wageni walikuwa wameshakaa, kwa hiyo Kepteni akasema hakuna kujaribu sauti, fungeni vyombo mkae. Spika kubwa ikasukumwa hadi ubavuni mwa ile ngoma nene ya pembeni, ambayo ndiyo iliyobeba makofi. Mama Vishindo alitoa sponji zote, hata kile kipande kilichokwama chini ya ngoma ya mguu. Usikivu hakuushusha. Nyie mnaocheka, nani kati yenu hajawahi kufunga mlango akaacha ufunguo ndani?

Mkurugenzi akashika maikrofoni. Alikuwa na sauti nzito, ile inayotoka tumboni.

"Ndugu wafanyakazi!"

Spika ikatetema, ngoma ikatetemeka, kupe akahisi. Makofi yakalia. Mkurugenzi akatabasamu, akainamisha kichwa kwa heshima. Ndipo bwalo zima likasikia bibi akisema kwa uchovu, "Basi, inatosha, mikono yangu si chuma!"

Watu wakageuza shingo kumtafuta. Mkurugenzi akaendelea, "Dereva wetu huyu..." Makofi. "Basi, inatosha, mikono yangu si chuma!" Akakohoa, kikohozi nacho kikapigiwa makofi. Mama Vishindo alikuwa ameikumbatia ngoma kwa mikono yote miwili kama anayezuia mtoto asianguke, lakini kuikumbatia ilikuwa ni kuigusa, na kuigusa ilikuwa ni kuongeza makofi. Kitufe cha kukizima kisanduku hakukiona. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na kupe wake.

Mkurugenzi alikuwa na hotuba nene mkononi. Akaitazama, akaikunja.

"Naona kuna mama yetu amechoka," akasema. "Na ana haki. Mzee, ahsante sana, kapumzike."

Akaketi. Watu walimpigia makofi ya kweli ambayo, kwa taarifa za walio kiwandani, hakuwahi kuyapata kabla.

Kepteni alikuja nyuma akiwachekea wageni, meno yameumana. "Zima hicho kidude. Na wewe pumzika. Vidole, washa."

Mama Vishindo akakizima kisanduku, akaweka fimbo mapajani. Machozi yalimlengalenga. Akajua ndiyo imetoka hiyo, na ya kulaumiwa ni mikono yake mwenyewe.

Kinanda kikaanza na ngoma zake za ndani, safi, hazina kosa. Kepteni akaimba wimbo wa taratibu, na mstaafu akaombwa afungue dansi na mkewe. Mzee alikuwa na goti bovu, goti la kukanyaga klachi maisha yake yote. Hatua ya kwanza alikwenda vizuri. Ya pili akachelewa. Ya tatu ngoma ilikuwa imeshapita, na mzee akawa anaikimbilia kama mtu aliyeachwa na gari. Mkewe alijaribu kumshika, wakakanyagana. Wafanyakazi wachache wakacheka, si kwa ubaya, lakini mzee alisikia. Vidole alibonyeza ngoma ipungue, ikapungua mno. Akaipandisha, ikapitiliza. Mzee akaonyesha kwa mkono kwamba basi, akageuka kurudi kitini.

Mama Vishindo alikuwa ameitazama miguu ile tangu mwanzo. Aliona inachotaka, na kukaa kimya kukamshinda. Akawasha kisanduku, akarudisha usikivu chini, akagusa ngoma kwa fimbo kusikiliza. Kupe alinyamaza. Akapiga, kupe akaitika. Hapo akaanza kupiga polepole, chini ya kinanda, kwa mwendo wa goti la mzee.

Ngoma mbili zikagongana bwaloni. Kepteni akageuka macho yamemtoka. Vidole alisikiliza kidogo, akaangalia miguu ya mzee, akaangalia fimbo za Mama Vishindo, na bila kuulizwa na mtu akazizima ngoma za kinanda.

Ikabaki moja. Kila mguu mzima ulipokanyaga, ile kubwa ya mguu ilinguruma kwa kina. Mguu mbovu ulipochelewa, Mama Vishindo alichelewa nao, na mwangwi ukavutika kuijaza nafasi hiyo mpaka mguu utue, hata ikawa kama wimbo wenyewe ulitungwa hivyo. Mzee alisimama. Akasikiliza. Akamrudia mkewe, akamshika kiuno. Walizunguka bwalo lote, na kila walipogeuka yalilia makofi, ya mapacha na ya mume na ya mama mkwe, yakikatwa kwa wakati wake na pigo linalofuata. Watu wakayachukua, wakaanza kupiga nayo. Mkurugenzi naye akapiga. Mama Vishindo alikuwa analia na kucheka kwa mpigo, asiweze hata kujifuta, maana mikono ilikuwa na kazi.

Wimbo ulipokwisha mzee alikuja hadi kwenye kona ya bendi, anatweta. Alimshika mkono ule mnene, akautikisa, akarudi kwa mkewe.

Walipiga mpaka sherehe ikaisha. Wakati wa kukunja nyaya Kepteni alijisogeza karibu, akajifanya anatafuta kifuniko cha maikrofoni. Mama Vishindo alikuwa amechuchumaa akibandua kupe mmoja mmoja, anangoja kuambiwa.

"Ijumaa kuna mazoezi," Kepteni akasema. "Usichelewe."

Katika bendi ile hajawahi kuchelewa hata mara moja, na Kepteni analijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Sitachelewa," akajibu, akainamia ngoma ili asimwone uso.